Wimbo Ugenini: Maisha ya Geoffrey Oryema na Suala la Lugha katika Uimbaji wa Uhamishoni

1. Utangulizi

Fasihi simulizi ya Kiafrika imezoeleka kuelezwa kana kwamba ina sharti moja lisiloepukika: kwamba fanani na hadhira yake hukutana mahali pamoja, huijua lugha moja na huzishiriki desturi zile zile. Fanani akianza, hadhira huitikia. Akikosea, hadhira humsahihisha. Akiificha maana, hadhira huifichua, ama kwa kicheko ama kwa kimya. Maelezo haya ni ya kweli kwa sehemu kubwa, na ndiyo msingi wa utafiti mwingi uliofanywa katika vyuo vya Afrika Mashariki. Hata hivyo, tangu miaka ya 1970 waimbaji wengi wa Kiafrika wamefanya kazi yao Ulaya, mbele ya watu wasiojua hata neno moja la lugha inayoimbwa. Hadhira hiyo haiitikii, haisahihishi wala haifichui. Swali linalozuka ni hili: je, wimbo unaoimbwa katika hali hiyo ungali ni wimbo ule ule?

Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kwa kuyafuatia maisha na kazi ya mwimbaji mmoja, Geoffrey Oryema wa Uganda (1953–2018), aliyeishi Ufaransa kwa takriban miaka 40. Sababu za kumteua ni tatu. Kwanza, aliimba kwa lugha nne: Kiacholi, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Kwa hiyo kila wimbo wake una ndani yake uamuzi wa kilugha unaoweza kuchunguzwa. Pili, hakwenda Ulaya kutafuta soko, alikimbia mauti. Tatu, lugha mbili kati ya hizo nne ni za hapa Afrika Mashariki, na wenye uwezo wa kuyafasiri maneno yake wako hapa kuliko kule yalikouzwa.

2. Malezi na Mafunzo

Oryema alizaliwa tarehe 16 Aprili 1953 mjini Soroti, mashariki mwa Uganda, lakini asili ya ukoo wake ni Anaka, katika nchi ya Waacholi iliyo kaskazini. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa askari polisi aliyepanda cheo hata mwaka 1964 akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la polisi la Uganda. Baada ya Idi Amin kutwaa serikali mwaka 1971, aliteuliwa kuwa waziri. Mama yake aliongoza Heartbeat of Africa, kikundi cha ngoma cha taifa kilichokuwa kikizionyesha ngoma za makabila mbalimbali ya Uganda ndani na nje ya nchi.

Mtoto huyu basi alilelewa kati ya kambi na uwanja wa ngoma. Baba mwenyewe, licha ya cheo chake, alikuwa mpigaji nanga, na ndiye aliyemfundisha mwanawe ala hiyo. Nanga ya Waacholi ni ala yenye nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao ulioviringwa mfano wa hori. Sauti yake ni ya chini, na mpigaji huimba juu yake kama asemaye na mtu aliye karibu naye. Pamoja na nanga, Oryema alijifunza lukeme, kisanduku chenye vijino vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na vilevile filimbi na gitaa.

Elimu yake ya pili ilikuwa ya jukwaani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alisomea uigizaji, kisha akaanzisha kikundi cha tamthilia kilichoitwa Theatre Limited, kilichochanganya mbinu za waalimu wa uigizaji wa Ulaya na sauti, ngoma na ubunifu wa papo hapo wa Kiafrika. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa maana wasikilizaji wa Ulaya baadaye walimchukulia kuwa mwimbaji wa kijijini aliyeletwa mjini. Ukweli ni kwamba alifika kule akiwa msanii aliyekwisha kufunzwa. Alijua jinsi ya kusimama peke yake mbele ya watu, na jinsi ya kukitumia kimya.

Wala hakuwa peke yake katika mapokeo hayo. Mwacholi mwenzake, Okot p'Bitek, alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba nyimbo za Waacholi ni fasihi kamili, kwanza kwa utenzi wake wa Lawino uliotokea kwa Kiingereza mwaka 1966, kisha kwa mkusanyo wake wa nyimbo, Horn of My Love, uliochapishwa mwaka 1974 wakati alipokuwa uhamishoni nchini Kenya. Katika mapokeo yaliyokusanywa na Okot, wimbo hutumiwa kulia, kusuta, kushitaki na kukumbuka. Waacholi huimba msibani pasipo kujidai kwamba kifo ni jambo la haki.

3. Februari 1977

Utawala wa Amin uliwaandama Waacholi na Walango tangu mwanzo. Askari wengi wa makabila hayo waliuawa makambini mwaka 1971. Erinayo Oryema aliendelea kuwamo serikalini, lakini kuwamo kwake hakukumwokoa. Tarehe 16 Februari 1977 alikamatwa pamoja na waziri mwenzake, Charles Oboth Ofumbi, na Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, Janani Luwum, ambaye naye alikuwa Mwacholi. Kesho yake redio ya serikali ilitangaza kwamba watu hao watatu wamekufa katika ajali ya gari. Maiti zilionekana kuwa na majeraha ya risasi.

Geoffrey Oryema hakuwa ametimiza umri wa miaka 24. Aliivuka mipaka ya Uganda na kuingia Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti ya gari, na kutoka hapa akaenda Ufaransa. Hakurudi kwao tena mpaka alipokuwa na umri wa miaka 63.

Mambo mawili yanatokana na tukio hili. La kwanza ni kwamba kifo cha baba kilitangazwa kwa uongo. Msiba huwa na ukweli wake unaosemwa hadharani: fulani amekufa, amekufa hivi, na hawa ndio wafiwa. Hapa ukweli huo ulinyimwa nafasi, na mfiwa akalazimika kutoroka kabla ya kulia. La pili ni kwamba ala aliyoishika mkononi Ulaya ilikuwa ndiyo ile aliyofundishwa na marehemu. Kila alipopiga nanga alikuwa akitumia maarifa ya mtu aliyeuawa. Kwa hiyo si ajabu kwamba mwanamuziki huyu, aliyeishi Paris wakati ambapo muziki wa Kiafrika wa dansi ulikuwa ukivuma sana mjini humo, alichagua njia ya utulivu, ya sauti moja na ala chache.

4. Soko la Ulaya na Kazi Yake

Hapana budi kueleza kwa ufupi jinsi soko lile lilivyofanya kazi. Mwaka 1982 lilifanyika nchini Uingereza tamasha la kwanza la WOMAD, lililoanzishwa na mwimbaji Peter Gabriel na wenzake kwa nia ya kuwakutanisha wanamuziki wa nchi mbalimbali. Mwaka 1987 wenye makampuni madogo ya rekodi walikutana mjini London wakakubaliana kutumia jina moja, "muziki wa dunia", kwa rekodi zote zisizokuwa za Kizungu. Haja yao ilikuwa ya kibiashara: mwenye duka hakujua aziweke rafu gani rekodi za Mali, za Pakistani au za Zimbabwe, na kitu kisicho na rafu hakiuziki. Mwaka 1989 ikaanzishwa Real World, kampuni ya rekodi yenye studio yake katika kijiji cha Box, magharibi mwa Uingereza.

Jina lile liliwafungulia mlango wengi, lakini lilikuwa na kasoro yake. Liliwaweka pamoja watu wasiofanana kwa lolote isipokuwa ugeni wao machoni pa mnunuzi. Zaidi ya hayo, lilimfundisha mnunuzi kusikiliza bila kutarajia kuelewa. Maneno yaligeuka kuwa mojawapo ya ala.

Ndimo Oryema alimoingia. Santuri yake ya kwanza, Exile, yaani "Uhamisho", ilitoka mwaka 1990 chini ya Real World. Iliongozwa studioni na Brian Eno, mtunzi Mwingereza aliyejulikana kwa muziki wa utulivu, naye Peter Gabriel alishiriki katika kuitikia. Mwelekeo wa Eno ulioana na nanga. Nafasi iliyoachwa baina ya sauti na sauti haikujazwa ovyo. Mwaka 1991 Oryema alishiriki katika santuri ya kumtukuza mtunzi wa Kanada, Leonard Cohen, akaimba wimbo wa Cohen uitwao "Suzanne". Tangu hapo wengi katika Ufaransa walimwita Leonard Cohen wa Afrika. Ilikuwa sifa, lakini sifa ya aina ambayo humpima mtu kwa kipimo cha mwingine.

Santuri ya pili, Beat the Border, ilitoka mwaka 1993, na ya tatu, Night to Night, mwaka 1996. Wimbo wake "Ye Ye Ye" ulitumiwa na televisheni ya Ufaransa kuwa alama ya ufunguzi wa kipindi cha usiku kilichoitwa Le Cercle de minuit, na mwaka 1994 alichangia muziki wa filamu ya Kifaransa Un indien dans la ville. Zikafuata Spirit (2000), Words (2004) na From the Heart (2010). Tarehe 2 Julai 2005 alikuwa miongoni mwa wasanii wa Kiafrika walioimba huko Cornwall katika tamasha la Africa Calling, sehemu ya matamasha makubwa ya Live 8. Hivyo sauti ya Mwacholi iliingia katika nyumba za Wafaransa wengi usiku baada ya usiku, na walio wengi hawakujua kwamba lugha ile inaitwa Kiacholi.

5. Lugha Nne na Kazi Zake

Huenda ikadhaniwa kwamba mwimbaji wa lugha nyingi huchagua lugha kwa kufuata wanunuzi. Dhana hii haitoshi. Kama ingekuwa hivyo, Oryema angeanza kwa Kifaransa, lugha ya nchi iliyompokea. Kumbe alianza kwa Kiacholi na Kiswahili, na kadiri miaka ilivyosonga ndipo Kiingereza na Kifaransa vilipochukua nafasi kubwa zaidi. Inafaa basi kuitazama kila lugha na kazi yake.

Kiacholi kwake ni lugha ya wafu na ya Mungu. Jina la wimbo "Lubanga" katika Exile ni jina la Mungu kwa Kiacholi. Katika lugha hii anasimama katika mapokeo ya nanga, ambamo mwimbaji husema na msikilizaji asiyekuwapo. Hapa ndipo hali ya ugenini inapoleta jambo lisilotazamiwa. Hadhira ya Ulaya haielewi, lakini wimbo wenyewe haukuelekezwa kwake tangu mwanzo. Umeelekezwa kwa marehemu. Kutokuelewa kwa hadhira kunampa mfiwa faragha ambayo huko Kampala ya mwaka 1977 asingeipata, kwa sababu kule kila neno lilikuwa na msikilizaji wake wa siri.

Kiingereza kina kazi nyingine. Katika wimbo "Land of Anaka" anawasimulia wageni juu ya nchi ya asili yake na boma la wazazi wake. Mtu hana haja ya kumweleza Mwacholi jinsi Anaka ilivyo, anamweleza asiyeijua. Kwa hiyo kumbukumbu ya baba imegawanywa baina ya lugha mbili: baba anaongeleshwa kwa Kiacholi, na anasimuliwa kwa Kiingereza. Tofauti hii ya kumsemesha mtu na kumsema mtu yafaa kuzingatiwa katika uchunguzi wowote wa fasihi ya uhamishoni.

Kiswahili ndicho kinachohitaji maelezo marefu zaidi. Nchini Uganda lugha hii haikuwa na historia iliyo nayo pwani. Tangu enzi ya ukoloni ilikuwa lugha ya jeshi na polisi. Watu wengi, hasa katika Buganda, waliihusisha na amri, virungu na ugeni. Mwaka 1973 Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa, na kitendo hicho, badala ya kuiinua, kiliizidishia chuki, kwa kuwa wananchi waliisikia kila siku katika vinywa vya askari kwenye vizuizi vya barabarani. Oryema alikuwa mwana wa mkuu wa polisi. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi ya baba yake, na pia lugha ya jeshi lililotawala wakati baba huyo alipouawa.

Mtu wa namna hiyo angekuwa na kila sababu ya kuitupa lugha hii mpakani. Hakuitupa. Aliendelea kuiimba, na wimbo mmoja wa Beat the Border ameupa jina la "Umoja". Tendo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Neno "umoja" lilikuwa la kawaida katika hotuba za viongozi wa Afrika Mashariki baada ya uhuru, hata likachakaa. Likitamkwa na mkimbizi ambaye umoja wa taifa lake ulivunjwa kwa risasi, halina tena ulaini wa hotuba, ni madai. Tena Kiswahili kilimpa kitu ambacho Kiacholi hakikuweza kumpa, yaani lugha ya Mwafrika Mashariki asiyetajwa kabila. Katika nchi ambamo watu waliuawa kwa sababu ya makabila yao, hilo si jambo dogo.

Ni vyema kulinganisha hali hii na Kiswahili kilichozoeleka katika rekodi za Ulaya. Wimbo "Malaika", uliopata umaarufu kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya, ulirekodiwa na kikundi cha Boney M mwaka 1981, na mwaka 1991 na Angélique Kidjo wa Benin, aliyekuwa akiishi Paris. Katika mifano hiyo Kiswahili huja kama lugha ya mapenzi na ya utamu, iliyoazimwa na watu ambao si wenyeji wake. Kwa Oryema haikuazimwa. Ni lugha aliyokuja nayo, pamoja na majeraha yake.

6. Ulinganisho: Ayub Ogada

Mwanamuziki wa Kenya, Ayub Ogada, ambaye jina lake la awali ni Job Seda, anatoa ulinganisho wenye mafunzo. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band mwaka 1979, na mwaka 1986 akaenda London, ambako alipiga nyatiti katika vituo vya treni za chini ya ardhi ili kujipatia riziki. Naye alichukuliwa na Real World, iliyotoa santuri yake En Mana Kuoyo mwaka 1993. Wimbo wake "Kothbiro", yaani "mvua inakuja", ulitumiwa katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005.

Wawili hawa ni ndugu kwa lugha, kwani Kiacholi na Dholuo ni matawi ya shina moja la lugha za Kiluo. Mvua ni "koth" kwa huyu na "kot" kwa yule. Wimbo ni "wer" kwa wote wawili. Tofauti yao ni ya safari. Ogada aliondoka kwa hiari, akarudi Kenya mwaka 2007, akafa Februari 2019 katika eneo la Kisumu, miongoni mwa watu walioyaelewa maneno yake. Hadhira yake ya awali haikumpotea, ilikuwa ikimngojea. Oryema hakuwa na njia hiyo, na hata hadhira yake nayo ilikuwa ikitawanywa. Wakati wimbo juu ya Anaka ulipokuwa ukisikilizwa Ulaya, vita vya Lord's Resistance Army viliiteketeza nchi ya Waacholi. Mwaka 1996 serikali ilianza kuwahamishia raia katika kambi, na Anaka yenyewe ikawa mojawapo ya kambi hizo. Boma aliloliimba halikuwako tena kwa sura aliyoiimba. Kwa kipindi fulani wimbo ule, ulio katika lugha ya kigeni na uliohifadhiwa katika santuri ya kigeni, ulikuwa na Anaka iliyo nzima kuliko ile iliyokuwa ardhini.

7. Hitimisho

Oryema alirudi Uganda mwishoni mwa mwaka 2016, takriban miaka 40 tangu alipotoka amejikunja ndani ya buti. Alipiga muziki Kampala, mbele ya hadhira iliyokuwa na watu wa kuuelewa wimbo kwa masikio yao wenyewe. Hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki tarehe 22 Juni 2018 mjini Lorient, Ufaransa. Kiswahili nacho kilikuwa katika safari yake ya kurejea. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni.

Sasa swali lililoulizwa mwanzoni laweza kujibiwa. Wimbo unaoimbwa mbele ya wasioelewa haubaki ule ule, lakini wala haufi. Hupoteza kiitikio cha hadhira na usahihisho wake. Hupata faragha na maisha marefu ya santuri. Hadhira yake hugawanyika katika sehemu mbili: iliyo karibu, inayosikia sauti bila maneno, na iliyo mbali, ambayo ingeyaelewa maneno lakini haifikiwi na sauti. Fasili ya fasihi simulizi inayodai fanani na hadhira wakutane papo hapo haina budi kupanuliwa ili iikubali hadhira ya namna hii, iliyocheleweshwa.

Na hadhira iliyocheleweshwa ina deni. Nyimbo za Oryema zimeainishwa na wauzaji, zikapewa rafu. Haifai uainishaji wa muuzaji uwe ndio wa mwisho. Kazi iliyopo ni ya kawaida ya idara za lugha: kuyanakili maneno ya Kiacholi na ya Kiswahili kutoka katika sauti, kwa msaada wa wazee wanaoijua nanga, kuyalinganisha na nyimbo za msiba zilizokusanywa na Okot p'Bitek, kuonyesha mahali alipofuata kanuni na mahali alipozivunja, na kuyafasiri kwa Kiswahili kabla ya kuyafasiri kwa lugha nyingine. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Ulaya ilimpa mtu huyu hifadhi, studio na jukwaa, na kwa hayo inastahili shukrani. Lakini kuelewa alichokisema si kazi iliyoweza kufanywa Ulaya. Ilikuwa, na ingali, ni kazi ya huku alikotoka.